Mboga Katika Gunia: Maneno kwa Wanachama Wenye Ardhi Haba

(Hotuba ya washauri wa kilimo wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wakati wa kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama Kikuu)



 Miaka kumi si kitambo kidogo katika maisha ya chama. Waliotutangulia kusimama hapa wamekwisha kueleza habari za kahawa, za bei, za maghala na za mikopo. Hayo ndiyo mambo makubwa ya Chama, na wamesema vema. Sisi tumepewa jambo dogo, nalo ni mboga ya jioni. Lakini twaomba msilidharau kwa udogo wake, maana jambo linalomgusa kila mtu kila siku haliwezi kuitwa dogo kwa muda mrefu.

Kahawa yetu huuzwa msimu mmoja katika mwaka. Fungu la mboga hununuliwa siku 365. Fedha ya kahawa huja kwa kishindo, huonwa na kuandikwa. Fedha ya mboga hutoka kimya kimya, shilingi baada ya shilingi, mtoto akitumwa gengeni jua linapotua, wala hapana daftari inayoionyesha. Wahenga walisema kwamba bandu bandu huisha gogo. Basi neno letu leo ni hili: mkulima asiye na nafasi ya bustani bado anaweza kula mboga aliyoiotesha mwenyewe, kwa kuipanda katika magunia, ndoo na vyombo vingine, mradi akubali masharti ya kazi hiyo.

SHIDA YETU YA ARDHI

Sisi watu wa miteremko ya Kilimanjaro twaijua shida hii kuliko wengi. Babu aliyekuwa na kihamba cha eka tatu, akazaa wana watatu, alimwachia kila mmoja eka moja. Mwana naye akizaa watatu, kila mjukuu hupata theluthi ya eka, na katika theluthi hiyo yapasa pawepo nyumba, zizi, migomba, kahawa, miti ya kivuli na makaburi ya wazee. Hesabu hii haihitaji karani. Na twajua pia mambo yanayofuata hesabu hiyo: ndugu waliokula sahani moja hufikishana mbele ya baraza kwa sababu ya hatua mbili za mpaka.

Hatusemi haya kwa kuvidharau vihamba vyetu. Kilimo cha kihamba, cha migomba na kahawa chini ya miti, kikinyweshwa na maji ya mifongo, ni elimu kubwa waliyotuachia wazee. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini kihamba kina tabia yake. Kimejaa. Juu pana miti, chini yake migomba, chini ya migomba pana kahawa, na chini ya kahawa pana magimbi. Jua lifikalo chini ni kidogo, na mboga nyingi zataka jua. Nyanya na pilipili hoho hazizai vema zisipopata jua la saa sita hivi kwa siku. Mboga za majani huvumilia saa nne, lakini hazipendi kivuli cha kutwa.

Sasa tutazame, jua hilo hupatikana wapi? Hupatikana uani, mbele ya mlango wa jiko, kando ya zizi, ukingoni mwa njia ya kuingilia. Na mahali hapo ndipo udongo ulipokanyagwa na miguu ya vizazi vitatu mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Penye udongo mzuri hapana jua, na penye jua hapana udongo. Hiyo ndiyo sababu ya chombo: chombo huuchukua udongo na kuupeleka penye jua.

SI JAMBO GENI

Wapo watakaosema kwamba kulima katika gunia ni mchezo wa watoto, au ni shida ya watu wa mjini tu. Tuwajibu kwa mifano miwili ya kweli.

Mfano wa kwanza ni wa jirani zetu wa Nairobi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 1997 ilipokuwa historia, zilikuja ghasia kubwa zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika mtaa wa Kibera chakula kilikuwa adimu na ghali. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kuwapa wakazi miche na mafunzo, nao wakajaza magunia udongo na kuyapanda sukuma wiki na spinachi katika vichochoro ambamo hata mkokoteni haupiti kwa urahisi. Watu ambao hawakuwa na hatua moja ya shamba walichuma mboga mlangoni mwao.

Mfano wa pili ni wa mbali zaidi, yaani kisiwa cha Kuba. Dola ya Kisovyeti ilipovunjika mwaka 1991, Kuba ilipoteza mafuta, mbolea na chakula ilichokuwa ikiletewa. Watu wa mji wa Havana wakageukia viwanja vitupu vya mjini. Pale ambapo ardhi ilikuwa ya kifusi au saruji, walijenga vitanda vyenye kuta fupi, wakavijaza udongo na mboji, wakapanda mboga humo. Kitanda cha namna hiyo ni nini kama si chombo kikubwa?

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Mwalimu yumo zizini mwetu. Wazee walipoona kwamba hapana tena malisho ya kutosha mlimani, hawakuacha kufuga. Walimtia ng'ombe ndani, wakamletea majani na migomba, wakamletea maji, na samadi yake wakairudisha kihambani. Mboga iliyomo ndani ya gunia ni kama ng'ombe huyo. Mmea wa shambani hutuma mizizi yake mbali kutafuta maji na chakula. Mmea wa chombo hauna pa kwenda. Hupata kile tu unacholetewa. Mwenye kulishika neno hili moja amekwisha kuijua nusu ya kazi yote. Anayelisahau, mboga zake zitakuwa njano kabla ya mwezi wa tatu, kisha atalilaumu gunia.

GUNIA MOJA LAFANYA KAZI GANI

Tulichukue gunia la kawaida la mahindi lenye upana wa sentimita 70 linapolazwa tupu. Likijazwa, mzunguko wake ni kama sentimita 140. Likijazwa udongo kwa kimo cha sentimita 80, lataka madebe sita hivi ya lita 20. Ubavuni tukitoboa matundu kila baada ya sentimita 20, tutapata matundu saba kwa mstari mmoja. Mistari minne ni matundu 28. Juu mdomoni tutapanda miche minne. Jumla ni miche 32.

Miche hiyo 32 ya sukuma wiki, ikipandwa shambani kwa nafasi ya sentimita 45 kila upande, ingetaka karibu mita sita na nusu za mraba. Gunia letu limekaa mahali padogo kuliko meza ya kulia. Ni kweli, wala hatutaficha, kwamba majani ya gunia huwa madogo kuliko ya shamba zuri, na miche ya upande usiopata jua huchelewa. Lakini ulinganifu wetu si kati ya gunia na shamba zuri. Ni kati ya gunia na ua mtupu.

Magunia matatu au manne yaliyotunzwa vizuri huweza kuipa nyumba mboga za majani mara kadhaa kwa juma. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Tukijiuliza kwa unyofu ni nyumba ngapi kati yetu zinafika hapo, tutaona kwamba ndizi tunazo, maziwa huenda tunayo, lakini majani ya kijani hupungua sana wakati wa kiangazi, na wanaokosa kwanza ni watoto wadogo.

NAMNA YA KULITENGENEZA

Kwanza, chagua mahali kabla ya kujaza. Gunia lililojaa udongo wenye maji lina uzito unaozidi kilo 100, wala halitahamishwa tena. Liwe penye jua, karibu na jiko, maana mboga iliyo karibu na jiko hupata maji ya jiko.

Pili, changanya udongo. Chukua sehemu mbili za udongo wa juu wenye rutuba, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Maganda ya kahawa tunayoyatupa baada ya kumenya ni mali njema, lakini nayo sharti yalundikwe na kuoza mpaka yawe meusi na yasiwe na joto. Usichote udongo kando ya barabara kuu wala penye gereji, kwa sababu waweza kuwa na risasi na mafuta mabaya ambayo hayaonekani kwa macho.

Tatu, jenga nguzo ya mawe katikati. Hii ndiyo siri ya gunia, na wengi huiruka kwa haraka. Chukua mkebe mkubwa usio na mfuniko wala kitako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto. Zungushia udongo pande zote mpaka ufikie kimo cha mkebe, kisha vuta mkebe juu kidogo, ujaze kokoto tena, uzungushie udongo tena. Endelea hivyo mpaka juu. Mwisho ondoa mkebe. Itabaki nguzo ya kokoto kutoka chini mpaka mdomoni. Maji yakimwagwa juu ya nguzo hiyo hushuka na kuenea pande zote. Bila nguzo, maji hulowesha juu tu, na miche ya chini hufa kwa kiu ilhali mwenyewe adhani amenywesha.

Nne, liache gunia siku mbili au tatu baada ya kulinywesha, udongo ushuke na kukaa. Kisha toboa matundu madogo ubavuni kwa kisu, kwa mpangilio wa kupishana, pasiwe na tundu lililo chini ya lingine moja kwa moja. Tundu likiwa kubwa, udongo hutoka. Ingiza mche wenye majani manne au matano, mizizi ikielekea chini kidogo, ubane udongo kwa kidole. Panda jioni, jua likiwa limepoa.

Gunia la plastiki lililofumwa huchakazwa na jua, nalo baada ya misimu michache huanza kupasuka. Lisingojewe mpaka limwagike. Libadilishwe mapema, na vipande vyake visiachwe vikazagaa kihambani.

VYOMBO VINGINE, NA VYOMBO VYA KUKATALIWA

Si kila mboga yafaa gunia. Mchicha na vitunguu vya majani huridhika na udongo wa kina cha sentimita 15 au 20. Hata beseni lililopasuka huvifaa. Spinachi, figiri na mnafu hutaka kina cha sentimita 20 au 25. Karoti hutaka 30, tena udongo laini usio na mawe. Nyanya hutaka ndoo nzima ya lita 20 kwa mche mmoja, na mti wa kuegemea. Hata shina la mgomba lililokwisha kuzaa na kukatwa huweza kulazwa chini, likatobolewa vishimo na kutiwa udongo, likakuza mchicha kabla halijaoza. Kila chombo kitobolewe chini ili maji yapite. Mizizi iliyosimama katika maji huoza. Debe jeusi au la bati lisiachwe wazi mbele ya jua la saa saba mchana. Lifunikwe kwa majani makavu ya mgomba, maana bati hupika mizizi.

Sasa twataka tuseme neno kwa sauti kubwa, na twaomba kila katibu alipeleke kwenye chama chake cha msingi. Sisi ni wakulima wa kahawa. Katika maghala na nyumba zetu yamo makopo, madumu na ndoo zilizotiwa dawa za wadudu na dawa za chulebuni. Vyombo hivyo visipandwe mboga kamwe, hata vikioshwa mara saba. Sumu huingia katika plastiki yenyewe, kisha hutoka polepole ikaingia udongoni. Chombo cha dawa kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe katika pampu na kupuliziwa shambani pamoja na dawa, kisha kitobolewe kisitumike tena, kikusanywe pamoja na vingine. Vivyo hivyo, vyombo vya asidi ya betri na vya rangi visipandwe chakula. Mwenye mashaka juu ya chombo na apande maua humo.

KULISHA NA KUNYWESHA

Tulisema kwamba mboga ya gunia ni ng'ombe wa ndani. Basi kila siku tumtazame. Ingiza kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. Ukiona ubichi, ngoja. Ukiona ukavu, nywesha. Wakati wa kiangazi gunia laweza kutaka nusu ndoo kwa siku, asubuhi au jioni. Wakati wa masika huenda lisitake hata tone.

Maji hayo yatatoka wapi? Tusiseme tu kwamba yatatoka mfongoni. Mfongo una zamu, na zamu ya jirani si yetu. Maji ya kuoshea mboga, ya kuoshea mchele, na ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi, yote huifaa mboga. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumike. Nyumba yenye watu sita, ikiyatunza maji yake ya jikoni badala ya kuyamwaga njiani, hushangaa kuona yanavyotosha.

Kila tunaponywesha, maji hushuka na kuchukua sehemu ya chakula cha mmea. Kwa hiyo gunia huchoka upesi kuliko shamba. Kila juma la pili au la tatu mpe mmea supu ya samadi: tia samadi ndani ya kipande cha gunia, uitumbukize katika pipa la maji kwa juma moja au mawili, kisha maji hayo uyazimue mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi. Mwaga udongoni, usimwage juu ya majani yatakayoliwa. Na majani yote yaoshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Uchumaji nao una adabu yake. Sukuma wiki na spinachi huchumwa majani ya chini, ukibakiza manne au matano juu ili mmea upumue. Anayechuma yote leo, kesho arudi gengeni.

Wadudu watakuja. Vidukari hujificha nyuma ya majani. Waondolewe kwa maji yenye sabuni kidogo, mapema kabla hawajazaana. Viwavi waokotwe kwa mkono asubuhi, kazi ambayo watoto huifanya kwa furaha. Lakini adui mkubwa wa uani si mdudu, ni kuku. Gunia lisilo na uzio wa fito au wavu halitamaliza juma moja. Tena baada ya msimu tusirudie mboga ya jamaa ile ile katika udongo ule ule. Sukuma wiki, kabichi na figiri ni jamaa moja. Nyanya, mnafu na pilipili ni jamaa nyingine. Magonjwa ya jamaa hurithiwa kama kihamba.

FEDHA YA GUNIA NI YA NANI?

Bwana Mwenyekiti, hapa twaomba ruhusa tuseme neno ambalo huenda likawachoma wachache.

Katika vyama vyetu vingi vya msingi, jina lililoandikwa katika daftari ya kahawa ni la baba, kwa kuwa kihamba ni chake kwa urithi. Mama hupalilia, huchuma, humenya na kuanika. Malipo yakija, husainiwa na mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba haki ya mwanamke ya kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini twajua sote kwamba kati ya sheria na kihamba pana mlima wa kupanda.

Gunia halina hati wala mrithi. Halina mpaka wa kugombewa barazani. Mjane aliyebakiwa na chumba kimoja aweza kuwa nalo. Kijana aliyepanga chumba mjini Moshi aweza kuwa nalo, na akihama ahamishe ndoo zake. Binti aliyerudi nyumbani, ambaye kaka zake hawajakubaliana wampe hatua ngapi, aweza kuanza leo bila kungoja kikao cha ukoo. Hatusemi kwamba gunia lachukua mahali pa haki yake ya ardhi. Haki hiyo idaiwe na itolewe. Twasema kwamba wakati inapodaiwa, watoto wale mboga.

Kwa hiyo twawasihi akina baba: mboga ikizidi mahitaji ya nyumba, na mama akauza mafungu matatu kwa jirani, fedha hiyo iachwe mikononi mwa aliyenywesha. Isiulizwe kwa ukali, isihesabiwe kuwa ya ada ya baa. Tumekwisha kuona mahali pengi bustani za akina mama zikistawi mpaka zilipoanza kuleta fedha, kisha zikapata bwana mpya, na baada ya hapo zikakauka. Mtu hawezi kunywesha kila jioni kitu kisicho chake.

KAZI YA CHAMA

Yupo atakayeuliza: mboga na Chama cha Kahawa wapi na wapi? Swali ni la haki, nasi twalijibu hivi. Wazee wa mlima huu walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa, ili mkulima mdogo asisimame peke yake mbele ya mnunuzi mkubwa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika mabadiliko hayo yote jambo moja halikubadilika: chama kilichomsaidia mwanachama nyumbani mwake, mwanachama hakukisahau. Chama chetu ni kichanga, kina miaka kumi tu. Kikitaka kuishi, kisimjue mwanachama siku ya kupima kahawa peke yake.

Hatuombi fedha nyingi. Twaomba mambo matatu.

La kwanza, kila chama cha msingi kitenge kitalu kidogo cha miche ya mboga karibu na ghala, penye maji. Mwanachama achukue miche 32 ya gunia lake la kwanza bila malipo, na msimu ufuatao arudishe mbegu au miche kwa ajili ya mwenzake. Deni la miche lilipwe kwa miche. Mchicha na mnafu hutoa mbegu kwa wingi katika hali yetu. Ya sukuma wiki huenda ikabidi inunuliwe, na ikinunuliwa kwa pamoja itakuwa rahisi.

La pili, magunia yaliyochakaa ghalani, yasiyofaa tena kubebea mazao, yasitupwe wala yasichomwe. Yakaguliwe kwanza: yaliyobeba mbolea ya chumvichumvi yaoshwe, yaliyogusana na dawa yatengwe, yaliyobaki wapewe wanachama wa kitalu.

La tatu, madumu matupu ya dawa yakusanywe katika kila chama cha msingi mahali penye kufuli. Hili ni la lazima hata kama mawili ya kwanza yatakataliwa.

Wala tusiwadanganye. Gunia halitamtajirisha mtu. Asikope mtu fedha kwa ajili yake, asiuze mbuzi, asing'oe kahawa. Halimalizi shida ya ardhi, wala halipatanishi ndugu waliokosana juu ya mpaka. Kazi yake ni kuipa nyumba kitoweo cha majani, kupunguza safari za gengeni, na kumpa mwenye mikono isiyo na shamba mahali pa kuitumia mikono hiyo. Kwa madebe sita ya udongo, hilo latosha.

MWISHO

Bwana Mwenyekiti, wanachama wenzetu, Chama hiki kilianza kwa watu waliokubali kuleta kidogo kidogo mpaka ghala likajaa. Haba na haba hujaza kibaba. Wala hatukumbuki siku ambayo methali hiyo imekosa mashahidi katika ushirika. Tunapouanza mwaka wa kumi na moja, twawaomba kila nyumba ianze na gunia moja. Moja tu, lenye nguzo ya mawe katikati na uzio wa kuku pembeni. Makatibu watuletee majina ya vyama vilivyo tayari kwa kitalu kabla ya mvua za vuli, nasi tutafika kila kimoja kuonyesha kazi hii kwa mikono yetu.

Twawatakieni nyote heri ya miaka kumi, kahawa nzito, na sufuria isiyokosa mboga.